Sura ya Nane: Ukurasa Uliotoweka Bila Kushuka

Ofisi ya Odete Bettencourt, mpelelezi wa kurasa zilizopotea mtandaoni, ilikuwa juu ya duka la donati mjini San Jose, na ilikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia yeye. Cha pili kilinunuliwa kwa ajili ya wateja, na kilikuwa bado kimevaa nailoni yake ya dukani, kwa sababu wateja wa Odete hupiga simu. Kilikaa pale kama mgeni rasmi aliyefika kwenye mahafali akakuta shule imeshafunga.

Asubuhi ile simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa yote, na aliyekuwa akizungumza ni Mzee Arvid Skaugen, muuza chambo cha samaki huko Minnesota ya kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Nyuma ya sauti yake yalisikika matangi ya vidagaa yakibubujika.

"Rudia, Mzee," Odete alisema. "Uliandika nini hasa kwenye kisanduku cha kutafutia?"

"Jina la mwanangu. Signe Skaugen. Naliandika kila asubuhi kabla sijafungua duka."

"Na zamani kilikuwa kinakuja nini?"

"Ukurasa wangu, juu ya wote. Sasa wanakuja watu nisiowajua, wanataka niwalipe wanitafutie mwanangu mwenyewe. Wangu haupo. Nimesogeza chini, mama, nikasogeza, mpaka nimefika kwa Wanorwe wanaouza makoti ya mvua."

"Ulifika mbali."

"Barafu ya ziwa imeoza, haikanyagiki tena, na boti hazijaanza. Nafasi ninayo."

Habari za Signe, Odete alikuwa nazo. Binti huyo aliondoka nyumbani baada ya mazishi ya mama yake, bila kuaga, akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Polisi wa wilaya walithibitisha kwamba alipanda basi kwa hiari, wakafunga jalada na kwenda kula. Mzee Arvid hakufunga chochote. Duka lake lilikuwa na tovuti ndogo ambayo Signe mwenyewe aliitengeneza alipokuwa sekondari. Mzee akaondoa bei za minyoo, akaweka neno AMEPOTEA kwa herufi kubwa, picha, kipimo cha viatu, kovu la chini ya kidevu na namba yake ya simu.

"Mtu yeyote ipo siku huandika jina lake mwenyewe aone kinachokuja," Mzee alisema. "Na yeye ataandika. Asipouona ukurasa wangu atasema baba kachoka kunitafuta. Nami sijui kama yu hai, mama. Sina namna nyingine ya kumwita."

"Sawa, Mzee. Usikate simu."

Odete alikuwa ameitumikia kampuni kubwa ya utafutaji kwa miaka mingi, katika idara ya kuwakamata wadanganyifu, kazi inayofanana sana na ukiranja wa bweni: unachukiwa na wote na hupewi hata chai. Alijua jinsi mtambo unavyofanya kazi. Kwanza hutumwa kitambazi, programu inayotembea mtandaoni kutoka kiungo hadi kiungo, ikisoma kila ukurasa inaoukuta. Kilichosomwa na kitambazi huingizwa katika faharasa, yaani orodha kuu ya maneno na kurasa yalimo. Mtu anapoandika jina, mtambo hautoki kwenda kutafuta popote. Hufungua faharasa, hutoa kurasa zenye jina hilo, kisha huzipanga foleni. Na katika foleni hiyo kujisifu hakusaidii. Mtambo hutazama ni kina nani wengine wameweka viungo vya kuja kwako, na wao wenyewe ni watu wa namna gani.

Ukurasa wa Mzee Arvid ulikuwa na wadhamini wazito. Gazeti la mji lilikuwa limeweka kiungo, kanisa la Kilutheri vilevile, polisi wa wilaya, na chama cha kutafuta wanawake waliopotea. Kwa jina lile hakukuwa na wa kumtoa mbele.

"Nisomee sentensi moja ya ukurasa wako," Odete alisema. "Iwe ambayo hakuna mwingine duniani angeiandika."

Mzee hakufikiri. "'Anapenda mkate wa viazi wenye sukari, na hapendi kuimbiwa siku yake ya kuzaliwa.'"

Odete aliiandika neno kwa neno ndani ya alama za kunukuu, ili mtambo ulete kurasa zenye sentensi ileile tu. Ukaja ukurasa mmoja. Ulikuwa wa tovuti iitwayo Mpate Leo, yenye matangazo kila pembe, na maneno ya Mzee yalikuwa yamebandikwa humo yote, mkate wa viazi na vyote.

"Hukushuka, Mzee," Odete alisema. "Anayeshuka huonekana mahali, hata kama ni jirani na makoti ya mvua. Wewe umetolewa kwenye faharasa. Katika foleni hamna mtu wa jina lako."

"Nani kanitoa?"

"Ndiyo kazi yangu hiyo."

Alianza na yaliyo karibu. Ukurasa wenyewe ulikuwa hai, ulifunguka vizuri. Alifungua maandishi ya ndani, yale yanayosomwa na mashine, akatafuta amri iliyosahaulika. Wajenzi wa tovuti wana kosa lao moja la jadi: ukurasa ukiwa bado wa majaribio huuandikia amri ya kutoonekana, kisha huusherehekea siku ya uzinduzi wakiwa wamesahau kuifuta, wakashangaa kwa nini hakuna mgeni. Hakuna amri aliyoiona.

Kwa nywila aliyopewa na Mzee aliingia kwenye seva, yaani kompyuta inayoutunza na kuutoa ukurasa. Nywila hiyo aliiweka Signe tangu siku ya kwanza, na Mzee hakuwahi kujua namna ya kuibadilisha. Kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba kitambazi cha kampuni kilikuwa bado kinakuja. Kinabisha, kinafunguliwa, kinasoma, kinaondoka. Ila kinaondoka mikono mitupu.

Lilibaki jambo moja la kushuku. Mtambo ukikuta kurasa mbili zinazofanana kama mapacha, huchagua mmoja na kumwacha mwingine nje. Kama uliichagua Mpate Leo ukadhani ndiyo asili, basi Mzee alikuwa ameibiwa mtoto mara ya pili.

Mwenye Mpate Leo alijulikana. Odete alivaa koti.

Kip Lundy, mwenye tovuti hiyo, alimsubiri Odete katika mji wa jirani wa Fremont, kwenye mgahawa wa chai ya maziwa ya Kitaiwani, mbele yake bilauri ya vidonge vyeusi vya muhogo. Alikuwa mtu wa kupandisha kurasa kwa hila, na Odete alipokuwa kwenye kampuni alimfutia tovuti nyingi kiasi kwamba walikuwa wamezoeana.

"Dada Odete. Umependeza. Bado unafukuza watoto wa watu?"

"Bado unaiba?"

"Nakusanya."

"Umekusanya baba wa mtu, Kip. Mpaka mkate wa viazi."

Kip alivuta kidonge kwa mrija, akakitafuna bila haraka. "Ulikuwa ukurasa mzuri. Watu wanasoma mpaka mwisho. Ningeandika mimi vile?"

"Ulimtoaje?"

"Sikumtoa."

"Wewe uko wa kwanza, yeye hayupo. Nieleze kama mtu aliyekwenda shule."

"Ndiyo nakueleza." Aligeuza kompyuta yake. Kwenye kioo palikuwa na mchoro wa nafasi yake kwa jina la Signe: wa pili, wa pili, wa pili, mstari mlalo kama maji ya bwawa, kisha siku moja mwezi uliopita akawa wa kwanza. "Nimekaa nyuma yake tangu mwaka juzi, kama mtu anayechungulia mtihani wa jirani. Jirani ndiye ana viungo vya polisi na kanisa, mimi nina viungo vya maduka ya vidonge. Mtambo haukuwahi kunichanganya naye hata siku moja. Alipotoka yeye chumbani ndipo na mimi nikaonekana nina akili. Dada, ningeweza kumtoa, si ningemtoa mwaka juzi?"

Odete alitazama mchoro kwa muda. Haukuwa na dalili ya kuchezewa, na hoja ilisimama. Pacha huchaguliwa au hukataliwa tangu mwanzo, si baada ya kukaa pamoja siku zote hizo.

"Bado unamnakili?"

"Mashine inapita kila siku. Natunza nakala zote, nani ajuaye."

"Na seva yake inakufungulia tu?"

"Kila seva inanifungulia." Kip alitabasamu kwa fahari ya mtu asiyestahili. "Mashine yangu haisemi jina lake. Ikibisha inasema ni kitambazi cha kampuni yenu. Nani atamfungia huyo?"

Odete aliacha kikombe nusu ya njia ya kwenda mdomoni.

"Nini?" Kip aliuliza.

"Mimi nilibisha kama mtu."

"Si wewe ni mtu?"

"Seva inaweza kumjibu mtu hivi na kitambazi vile." Alikuwa ameshafungua kompyuta yake. "Nimesoma barua, Kip. Sikusoma bahasha, maana bahasha ya kitambazi sikupewa."

Kila seva inapotoa ukurasa huutanguliza na mistari michache ambayo msomaji haioni kabisa, inayosomwa na mashine tu: huu ni ukurasa wa aina gani, una urefu gani, umebadilishwa lini. Odete aliuomba ukurasa wa Mzee Arvid upya, safari hii akijitambulisha kwa jina la kitambazi. Jibu lilikuja na bahasha yake. Katikati ya mistari ya kawaida palikuwa na mmoja ambao mtu wa kawaida hakuwahi kuonyeshwa. Uliamuru ukurasa huu usiingizwe katika faharasa.

Kip aliinama akasoma. Akapiga mluzi mdogo wa heshima.

"Hii si ya mwanafunzi," alisema. "Kaficha kwenye seva, kisha kafanya ionekane kwa kitambazi peke yake. Huyu ni mtu wa kazi hii."

"Na alikuwa na nywila. Angeweza kufuta kila kitu."

"Mimi ningefuta."

"Ndiyo maana naamini si wewe. Nipe nakala zako. Ya siku moja kabla hujawa wa kwanza, na za siku zinazofuata."

Waliziweka sambamba kwenye kioo. Maneno yalikuwa yaleyale, kovu lilelile, viatu vilevile. Odete alizipitia kutoka juu kwenda chini kama mwalimu anayetafuta walioibiana insha, na aliposhuka hadi kwenye picha akasimama.

Katika nakala ya kwanza picha haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kisanduku cheupe chenye alama ya picha iliyochanika, ile inayotokea faili likikosekana. Katika nakala iliyofuata, picha ilikuwepo: msichana na mama yake wameshika samaki mmoja mkubwa kati yao, wanacheka.

"Imerudi siku ileile mstari ulipowekwa," Odete alisema.

Kip alicheka, kisha akaacha. "Aliingia kuficha ukurasa, akaona picha imevunjika, akaitengeneza."

"Ndiyo."

"Hilo ni gonjwa letu. Mtu wa kazi hii hata umtume aje abomoe nyumba, akikuta bawaba inalia ataipaka mafuta kwanza." Alivuta mrija ukatoa sauti ya bilauri tupu. "Lakini kaipata wapi picha?"

"Una nakala za kabla haijavunjika?"

Kip alizitafuta. Picha ya zamani ilikuwa ileile, samaki yuleyule, lakini ilikuwa na doa la kahawia kwenye kona, na imekatwa upande. Ile mpya haikuwa na doa. Ilikuwa pana zaidi, na ukingoni mwake palionekana kitu kikubwa cha rangi ya waridi, kimefifia.

Odete alifunga kompyuta. "Mwondoe Mzee kwenye tovuti yako, Kip."

"Leo?"

"Nikiwa bado nimekaa hapa."

Kip alimtazama usoni, akafanya alivyoambiwa, akamwonyesha kioo kuthibitisha. Odete alipotoka, Kip alimwita kutoka mezani. "Ukimpata, usinisimulie. Nina roho nyepesi."

Ofisini jua la alasiri lilikuwa limefika mezani. Harufu ya mafuta ya donati ilipanda kutoka chini. Odete alipiga simu, na matangi yakabubujika tena sikioni mwake.

"Mzee, ile picha ya Signe na mama yake. Kumbukumbu zinaonyesha ukurasa ulihamishiwa seva mpya; nani aliihamisha?"

"Lyle, mtoto wa dada yangu, kwa nywila ileile. Akaniambia picha imegoma. Nikasema basi, asijisumbue."

"Imerejea."

"Najua. Nilidhani Lyle."

"Ulimpa Lyle picha?"

"Sijampa mtu picha hiyo. Iko hapa ukutani, nyuma ya mashine ya hesabu. Ina doa la kahawa, mwenyewe nilimwaga."

"Iliyoko kwenye ukurasa sasa haina doa, Mzee. Tena yako umeikata upande wa kushoto."

"Fremu ilikuwa ndogo."

"Ulikata nini?"

Mzee Arvid alikohoa kidogo. "Kidole changu. Mimi ndiye niliyepiga. Gudrun, mama yake, alinicheka mwaka mzima, eti nimepiga picha ya kidole na nyuma yake kuna familia."

"Ilisafishwa nakala ngapi?"

"Mbili. Hii, na ya Signe. Yake aliondoka nayo."

Odete alingoja. Alitaka Mzee afike mwenyewe.

"Kidole kipo?" Mzee aliuliza hatimaye.

"Kipo. Hakukikata."

Odete alisikia kiti kikivutwa, na mtu mzito akikikalia.

"Yu hai," Mzee alisema.

"Mwezi uliopita alikuwa hai. Aliingia kwa nywila yake ya zamani. Akaweka amri ya kuufanya ukurasa usipatikane kwa kutafuta, na alipokuwa akitoka akatengeneza picha. Anafanya kazi kama yangu, Mzee. Vizuri kuliko wengi."

"Kwa nini aufiche?"

Odete alikuwa amelipanga jibu hili njia nzima kutoka Fremont, na bado halikuwa limepangika. "Fikiria anaomba kazi, au nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anaandika jina lake, anakuta AMEPOTEA, na kovu lake, na saizi ya viatu. Kila mahali anapokwenda ukurasa umemtangulia. Na ukitaka kujua jambo jingine, ni hili: mtu aliyebadilisha jina asingejali ukurasa huo. Huyu unamsumbua kwa sababu bado anaitwa Signe Skaugen. Analitumia jina lako."

"Si angefuta tu. Funguo alikuwa nazo."

"Lakini hakufuta."

Mzee alivuta pumzi kama anayenyanyua ndoo. "Wewe unaweza kuuondoa huo mstari?"

"Kwa dakika moja. Kitambazi kitapita siku mbili hizi, kitaichukua habari, na viungo vyako vyote bado vipo. Utarudi kuwa wa kwanza."

"Na yeye ataona."

"Ataona. Na wengine wote."

"Na ukiuacha mstari, nani ataufikia ukurasa?"

"Walioweka viungo wataendelea kuvionyesha mpaka uwaombe waviondoe. Ukiwaomba, atakayebaki ni yule tu mwenye anwani yake kichwani."

"Mimi," Mzee alisema. "Na aliyeitengeneza tovuti."

"Basi."

Mlango wa duka ulilia kengele huko Minnesota. Sauti ya mtu ikauliza habari za minyoo. Mzee akamjibu kwamba duka limefungwa. Mtu akasema mbona mlango uko wazi. Mzee akamwambia auvute nyuma yake anapotoka, na akangoja mpaka umefungwa.

"Usiuondoe," alisema. "Gazeti na kanisa nitawaambia mwenyewe, na polisi. Lakini lile neno la juu lifute. AMEPOTEA. Mtu anayejua alipo hakupotea. Asiyejua ni mimi tu. Futa na kovu, na viatu."

Odete alifuta. "Kilichobaki ni jina lake, picha na namba yako ya simu. Unataka kuandika kitu?"

"Niandike nini kwa mtu asiyetaka kutafutwa?" Alifikiri. Odete hakumharakisha. "Andika chini ya picha: Kidole nimekiona."

Aliandika. Akamsomea jinsi ilivyokaa, na Mzee akasema irudiwe, na Odete akairudia.

"Sasa, mama, nina ombi, na usinielewe vibaya. Umenifanyia kazi kubwa. Lakini usiufungue tena. Ni ukurasa wa watu wawili."

"Nimekuelewa, Mzee."

"Hata kuangalia kama amejibu."

"Hata hivyo."

Simu ilikatika. Odete alitoka kwenye seva ya Mzee, akafuta nywila, akafuta nakala alizopewa na Kip, akafuta anwani kwenye kila mashine yake. Iliyobaki ilikuwa kichwani, na kwa mtu aliyeitumikia kampuni isiyosahau kitu, hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Ukurasa ulikuwa bado umefunguka mbele yake, msichana na mama yake wanamcheka mtu asiyeonekana isipokuwa kidole.

Akaufunga, kama alivyoombwa, akawaacha.